Mont-Saint-Michel kwa siku moja: abasia ni ya wenye magoti, bahari ni ya mama mkwe

Dada mmoja anayeishi Saint-Denis, pembezoni mwa Paris, ameniuliza hivi. Mama mkwe wake amekuja kutoka Tanga kuwatembelea, na familia inataka kumpeleka Mont-Saint-Michel, kile kisiwa chenye abasia ya kale, yaani nyumba ya wamonaki (watawa wa Kikristo), huko Normandy, Ufaransa. Watoto ni wa miaka 13, 9 na 4. Mama ana zaidi ya miaka 70 na magoti yanamsumbua. Wanataka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Anataka kujua kama inawezekana, kama mama ataweza kupanda, kama bahari ya pale ni ya hatari kama anavyosikia, na kama wao Waislamu watakuwa huru kuingia ndani ya nyumba ya wamonaki.

Dada yangu, siku moja inatosha kwa abasia ila haitoshi kwa bahari, na kwa magoti hayo mama mkwe wako safari yake ni bahari. Kwa hiyo ushauri wangu ni mlale usiku mmoja. Nitakueleza sababu, kisha, kama mfuko haukubali, nitakwambia siku moja muipange vipi.

Tuanze na bamvua. Mama katoka Tanga, hili halihitaji kufundishwa: mwezi ukiandama na ukipevuka maji hujaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvua, na katikati yake ni maji mafu. Tofauti ni kipimo. Kwetu pwani, bamvua kubwa hupandisha maji kama mita 4 kutoka kupwa hadi kujaa. Katika ghuba ya Mont-Saint-Michel tofauti hiyo hufika takriban mita 14, na ni miongoni mwa tofauti kubwa kabisa Ulaya. Maji yanayotoka Atlantiki huingia katika mkono wa bahari uliopo kati ya Ufaransa na Uingereza, hukutana na rasi ya Cotentin iliyoziba njia, yakarundikana kwenye kona hiyo ambayo sakafu yake ni tambarare. Yakipwa, bahari hurudi nyuma zaidi ya kilomita 10 na hubaki mchanga wa kijivu mpaka macho yanapoishia.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Bandari nyingi zina saa zake za bamvua, na hazibadiliki sana. Pale Mont-Saint-Michel, siku za bamvua maji hujaa asubuhi na tena kuanzia jioni kuingia usiku, kati ya saa 1 na saa 4 kulingana na siku na majira. Mchana wa siku hiyo hiyo maji yameshakupwa. Siku za maji mafu ndipo bahari hujaa mchana, lakini maji hayo hayana nguvu ya kufika kisiwani. Maana yake ni kwamba anayetoka Paris asubuhi, akafika saa 5 na kuondoka saa 11 jioni, karibu kila mara atauona mlima uliosimama juu ya mchanga. Familia zinafika na picha kichwani, kisiwa kimezungukwa na maji pande zote, halafu zinaondoka zikidhani zimekosea mwezi. Mwezi hawakukosea, ni saa tu.

Kwenye jedwali la maji, ambalo ofisi ya utalii huliweka kwenye tovuti yake, tafuta safu iliyoandikwa *coefficient*. Namba hiyo huanzia 20 hadi 120. Ikifika 110 na kuendelea, maji hufunika hata njia ya kuingilia getini na kisiwa hukatika na bara kwa muda. Chini kidogo ya hapo bado maji huja kwa wingi, na kwa familia yenye mtoto mdogo na mtu mzima hizo ndizo siku nzuri zaidi, maana msongamano ni mdogo. Maji makubwa kabisa huja siku moja na nusu hadi mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na makubwa ya mwaka huwa karibu na Machi na Septemba.

Mpango ninaoupendelea ni huu. Panda TGV, treni ya mwendo kasi, kutoka stesheni ya Montparnasse ya Paris hadi mji wa Rennes, kama saa moja na nusu. Nje ya stesheni ya Rennes kuna mabasi ya kwenda Mont-Saint-Michel, mwendo wa saa moja na dakika kumi hivi, na ratiba yake hupangwa kufuata treni. Msiende kwa gari kama mnataka kurudi siku hiyo hiyo. Ni karibu saa 4 kwenda na 4 kurudi, na dereva atafika amechoka kabla hajapanda ngazi hata moja. Chumba tafuteni Pontorson, mji mdogo ulio kilomita 9 kutoka kisiwani. Kulala ndani ya kisiwa kuna raha yake, ila utalipa zaidi na mama atalazimika kupanda ngazi kufika chumbani.

Magari na mabasi huishia bara, kama kilomita 2 na nusu kutoka kisiwani. Kutoka hapo kuna basi la bure linalowashusha mita mia chache kabla ya geti. Njia linayopita ni daraja jembamba lililofunguliwa mwaka 2014, nalo lina kisa. Mwaka 1879 walijenga tuta kuunganisha kisiwa na bara. Tuta likazuia maji, mchanga ukajaa, majani yakaota, na kufikia mwisho wa karne ya 20 kisiwa kilikuwa kinageuka kuwa kilima cha shambani. Ikabidi tuta livunjwe, daraja la nguzo lijengwe ili maji yapite chini, na kwenye mto Couesnon liwekwe bwawa lenye milango inayosukuma mchanga kuurudisha baharini. Nitarudi kwenye bwawa hilo, maana ndipo pa mama.

Kosa la familia nyingi huanzia getini. Mbele yenu kutakuwa na barabara moja nyembamba inayopanda, imejaa maduka ya mapanga ya plastiki na biskuti, na watoto watataka kusimama kila mlango. Mkiianza hiyo, mtafika abasia mtoto wa miaka 4 analia na wa miaka 13 amekasirika. Geuzeni mambo. Mkishaingia, pandeni ngazi za kulia zinazokwenda juu ya ukuta wa ngome, mfuate ukuta hadi Mnara wa Kaskazini, halafu mwingie abasia moja kwa moja. Upepo ni mzuri, watu ni wachache, na ghuba yote iko chini yenu. Maduka yatawasubiri wakati wa kushuka. Pale getini kabla ya kupanda, mwonyeshe huyo wa miaka 13 mizinga miwili mikubwa ya chuma ya kurushia mawe iliyolala chini. Waingereza waliiacha mwaka 1434 waliposhindwa kukiteka kisiwa katika Vita vya Miaka Mia, vita vyao na Ufaransa, na hawakukiteka kamwe.

Kigari cha mtoto acheni bara. Hadi juu na ndani ya abasia kuna ngazi kama 350, na nyingi zimelika katikati kwa karne za miguu. Mdogo mbebeni kwa mbeleko. Ndicho kifaa bora kabisa kwa mlima huu. Tiketi nunueni mtandaoni na mchague saa ya kuingia. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Abasia hufungwa tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba.

Sasa abasia yenyewe. Mnatokea kwanza kwenye baraza kubwa la magharibi, mbele ya kanisa. Wageni hukimbilia ukingoni kutazama bahari. Watoto waambie watazame chini. Kwenye mawe ya sakafu kuna namba na herufi zilizochongwa, jiwe baada ya jiwe. Ni alama za mafundi. Kila fundi alilipwa kwa mawe aliyoyachonga, hivyo aliweka alama yake ili hesabu isipotee. Wape kazi ya kutafuta alama inayojirudia mara nyingi zaidi. Na hapo mnaposimama palikuwa ndani ya kanisa: sehemu ya mbele iliharibika kwa moto mwaka 1776 ikabomolewa, na uso wa kanisa mnaouona umejengwa baada ya hapo.

Kisa cha mwanzo ni cha mwaka 708. Askofu Aubert wa Avranches, mji unaoonekana kutoka pale juu, anasemekana kutokewa na Malaika Mikaeli mara tatu akiamrishwa ajenge kanisa juu ya mwamba. Mara ya tatu, wanasimulia, malaika alimgusa kichwani kwa kidole hadi fuvu likatoboka, na fuvu lenye tundu linahifadhiwa Avranches mpaka leo. Mama mkwe wako anamjua malaika huyo. Ni Mikaili, ambaye kwa Waislamu amepewa mambo ya mvua na riziki. Wakristo wa Ulaya ya kale walimwona kama mpiganaji na mpima roho, ndiyo maana sanamu yake ya dhahabu juu ya mnara, iliyowekwa mwaka 1897, imenyanyua upanga. Sanamu hiyo iko kama mita 156 juu ya bahari.

Mwaka 966 Duke Richard wa Kwanza wa Normandy alileta wamonaki Wabenediktini, shirika lile lile ambalo Watanzania wanalijua kwa abasia za Peramiho na Ndanda. Mwaka 1023 wakaanza kanisa kubwa, na hapo walikuwa na tatizo la kweli: ncha ya mwamba haina tambarare ya kubeba kanisa la mita 80. Walichofanya ni kujenga vyumba vya mawe kuzunguka ncha, upande huu na ule, mpaka wakapata jukwaa, kisha kanisa likalazwa juu yake. Vyumba hivyo mtavipita mkishuka. Katika kimojawapo kuna nguzo nene ambazo mtu mzima hawezi kuzikumbatia. Hizo ziliwekwa karne ya 15, baada ya altare na sehemu yote ya mashariki kuporomoka mwaka 1421. Mkiwa pale, mwambie mwanao wa miaka 9 kwamba juu ya kichwa chake kuna kanisa zima. Watoto hunyamaza wakilielewa hilo.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya kaskazini, ambayo Wafaransa huiita La Merveille. Mwaka 1204 kisiwa kilichomwa na majeshi yaliyokuwa upande wa mfalme wa Ufaransa, Philippe Auguste. Mfalme akatoa fedha nyingi, na kati ya 1211 na 1228 wakajenga ghorofa tatu ubavuni mwa mwamba. Usipite haraka pale. Chini kabisa ni ukumbi wa maskini na mahujaji waliogawiwa chakula, katikati ni ukumbi wa wageni wakubwa, wafalme na mabwana, juu ni bwalo la wamonaki. Jengo linakwambia nani alikuwa nani kabla hujasoma kibao chochote. Uzito nao umepangwa: chini kuta nene na nguzo fupi, juu kila kitu kinapungua unene, mpaka ukifika ua wa juu unaozungukwa na vijiguzo vyembamba vya safu mbili. Safu hizo hazikupangwa sambamba. Kila nguzo ya nje imesimama kwenye nafasi kati ya mbili za ndani, kwa hiyo ukitembea zinaonekana kama zinasogea. Tembeeni polepole, mzunguko mzima.

Mlango unaofuata ni wa bwalo. Simameni mlangoni kwanza. Ukumbi ni mrefu, umejaa mwanga, na huoni dirisha hata moja kwenye kuta za pembeni. Piga hatua chache, na madirisha yanaanza kujitokeza moja moja, membamba na marefu, yakiwa yamejificha ndani ya unene wa ukuta. Mjenzi alitaka ukuta uwe imara kushika ghorofa ya tatu pembeni mwa jabali lenye upepo, na wakati huo huo alitaka mwanga. Akapata vyote viwili. Wamonaki walikula hapo kimya, mmoja wao akisoma kwa sauti kutoka kwenye mimbari iliyochongwa ukutani. Mwache mtoto mmoja aseme neno moja taratibu kutoka upande huo, mtasikia jinsi sauti inavyosafiri.

Mkikaribia mwisho mtakuta gurudumu kubwa la mbao ambalo watoto hawalisahau. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa wamonaki waliondolewa na abasia ikawa gereza hadi 1863. Wafungwa waliingizwa ndani ya gurudumu, wakatembea, nalo likazunguka na kuvuta mizigo juu ya ukuta kwa kamba. Waeleze watoto wakubwa ukweli huo bila kuupamba. Waliosukuma gurudumu hilo walikuwa watu waliofungiwa humo, na wengine walifungwa kwa sababu za kisiasa.

Kuhusu Uislamu wenu, msiwe na wasiwasi. Abasia ni mali ya serikali na inasimamiwa na taasisi ya taifa ya majengo ya kihistoria. Anayekuja na tiketi anaingia, hijabu si tatizo, viatu havivuliwi. Kuna jumuiya ndogo ya watawa wanaoishi na kusali humo, walianza kukaa mwaka 2001. Mkikuta ibada kanisani, piteni kimya au msubiri nje. Mahali maalumu pa kuswali hakuna kisiwani, kwa hiyo panga mapema sala ya safari kama mnavyofuata. Chakula ndicho cha kuangalia zaidi. Chakula mlichofunga nyumbani na chai ya chupa ni bora kuliko foleni, ila viliwe bara au nje kwenye ukuta, si ndani ya abasia. Mkitaka mkahawani, kuna mkate mwembamba wa unga wa ngano nyeusi, wanauita *galette*. Agizeni wa yai na jibini, na msisitize usiwekwe nyama ya nguruwe, kwa sababu wa kawaida huwa nayo. Kinywaji kinacholetwa kwenye bakuli pamoja nao, *cidre*, kina kileo hata kama kinafanana na juisi ya tofaa. Ile omleti maarufu ya povu inayopigwa kwenye vyombo vya shaba ni mayai tu, lakini bei yake kwa watu sita haiendani na ladha. Itazameni ikipigwa, mwendelee na safari.

Bahari ya pale ni hatari, ndiyo, na uliyosikia si maneno ya kutisha watoto. Hatari ya kwanza ni kwamba maji hayaji kwa mbele peke yake. Hujaza mikondo iliyo nyuma yako kwanza, ukageuka ukakuta umeshazungukwa. Ya pili ni mchanga ulioshiba maji. Juu unaonekana mgumu, ukikanyaga na kutikisa miguu unacheza kama uji mzito, kisha unashika kifundo, kisha goti. Ya tatu ni ukungu. Kuvuka ghuba kwa miguu hufanyika pamoja na waongozaji wenye leseni, kutoka Bec d'Andaine, ufuko ulio ng'ambo ya ghuba, kama kilomita 6 au 7 kwenda tu, na ni safari nzuri mno kwa huyo wa miaka 13 akija siku nyingine na baba yake. Safari hii hapana. Mkitaka kukanyaga mchanga, kaeni hatua chache kutoka ukutani maji yakiwa yanakupwa, kamwe si yakijaa, na mkono wa mtoto mdogo usiachwe.

Sasa mama. Usimwambie "tutapanda polepole." Ngazi za abasia hazina mahali pa kukatisha katikati, na kushuka huumiza magoti kuliko kupanda. Mpande nyinyi na watoto mchana, mtu mzima mmoja abaki naye. Kama ni mumeo atakayebaki na mamaye, nanyi mkabadilishana kesho yake asubuhi, hakuna atakayekosa. Wao wapande basi la bure washuke kituo cha bwawa la Couesnon. Juu ya bwawa pamejengwa baraza pana la umma lenye mahali pa kukaa, hakuna ngazi za kumsumbua, na kisiwa kizima kiko mbele yake.

Jioni mkiwa wote pamoja, rudini hapo hapo kama saa mbili kabla ya maji kujaa. Ataona kwanza mstari mweupe mbali kwenye mchanga. Mstari huo utasogea, utageuka maji, na mto utaanza kurudi ulikotoka mbele ya macho yenu. Milango minane ya bwawa itafanya kazi yake chini ya miguu yenu: huyaingiza maji, huyafungia, na baada ya kama saa 6 huyaachia kwa nguvu ili yaondoke na mchanga. Mwache mama awaeleze wajukuu habari za bamvua la Tanga, na atawaeleza vizuri kuliko mwongozaji yeyote.

Kama kulala haiwezekani, fanyeni siku moja bila kinyongo: treni ya karibu saa 1 asubuhi, abasia mara mkifika, mama kwenye bwawa, basi la jioni. Katika hali hiyo usihangaike na namba ya maji, bali chagua siku ya katikati ya juma nje ya likizo kubwa, maana maji hamtayaona na mnachokwepa ni umati. Mkilala, fungua jedwali sasa hivi, tafuta siku za likizo ya watoto zenye namba kati ya 95 na 109, na kisha ndipo ukate tiketi. Treni na basi la Rennes zinunue kwa pamoja, kwani basi la mwisho la kurudi huwahi kujaa kuliko treni.